MBARUK WA GASI NA BUNDUKI MBILI

Mwenda Malindi kutoka Mombasa, akiisha kuvuka Mtwapa na kabla hajalifikia daraja la Kilifi, huiacha mkono wake wa kulia njia ndogo iteremkayo baharini mpaka mji wa Takaungu. Wengi hupita wasigeuze shingo. Lakini katika mji huo mtulivu, wa misikiti, makaburi ya kale na hori la maji ya chumvi, alifariki mtu mmoja mwezi wa Februari mwaka 1895, na kifo chake kikawasha moto uliounguza pwani kutoka Malindi hadi Vanga kwa muda wa miezi mingi. Marehemu huyo alikuwa Salim bin Khamis al-Mazrui, mkubwa wa Takaungu. Na aliyekuja kuubeba mzigo wa vita vile alikuwa jamaa yake wa upande wa kusini, Sheikh Mbaruk bin Rashid al-Mazrui, wa Gasi.

Habari za Sheikh Mbaruk zimesimuliwa sana kwa upande wa nasaba na kwa upande wa siasa. Leo, msomaji mpenzi, twataka kuzitazama kwa upande ambao haukusemwa sana, nao ni upande wa silaha. Kwani mtu huyu aliishi katika zama ambazo bunduki za aina mbili zilikutana katika pwani yetu, na ikambidi yeye, kama ilivyowabidi wakubwa wote wa wakati wake, kuamua ni ipi ataiegemeza nguvu yake. Wasemao husema mchagua jembe si mkulima. Neno hilo ni kweli shambani. Vitani mambo ni mengine, maana jembe baya huleta njaa ya mwaka mmoja, na silaha mbaya huweza kuondoa ukoo mzima.

MTOTO WA LIWALI

Wamazrui walikuwa maliwali wa Mombasa kwa muda wa miaka mia moja hivi. Walikuja wakitumwa na watawala wa Oman, kisha wakajitegemea wenyewe, wakafanya mashauri yao na Thenashara Taifa na makabila ya nyika. Mwisho wao Mombasa ulikuwa mwaka 1837, Sayyid Said bin Sultan alipoitwaa Ngome. Wakubwa wa Kimazrui walikamatwa, wakatiwa jahazini, wakapelekwa kifungoni Bandar Abbas, na huko wakafa. Liwali wa mwisho miongoni mwao alikuwa Rashid bin Salim, na huyo ndiye baba yake Mbaruk. Kwa hivyo Mbaruk alikua akiwa yatima wa dola na yatima wa baba kwa pamoja.

Waliosalimika waligawanyika sehemu mbili. Wengine walikwenda kaskazini, wakakaa Takaungu. Wengine walikwenda kusini, wakajenga Gasi. Wale wa Takaungu walipatana na Unguja, wakajishughulisha na mashamba ya nafaka, na majahazi yakawa yakipakia mtama, mahindi na simsim kutoka pwani hiyo ya Takaungu na Malindi. Tusifiche jambo hapa: mashamba hayo yalilimwa na watumwa, na watumwa wengi walitoroka wakakimbilia Fuladoyo na Rabai. Utajiri wa wakubwa ulikuwa na jasho la watu wasiolipwa ndani yake. Mwenye kusimulia historia na akaliruka jambo hili, basi hakusimulia kitu.

Gasi ilikuwa na tabia nyingine. Mbaruk alipoushika mji huo, aliishi na Unguja kama mtu aishivyo na mkwe asiyempenda: leo wanakula pamoja, kesho hawasemezani. Alipigana na watu wa Sayyid, akasamehewa, akarudi Gasi, akapigana tena. Na kila alipozidiwa alikimbilia ngome yake ya Mweli, bara ya Gasi, upande wa vilima vya Shimba, ndani ya msitu mzito.

GOBORI NA BUNDUKI YA KIASI

Sasa na tuzieleze bunduki zenyewe, maana vijana wetu wa leo wamezisikia majina tu.

Ya kwanza ni gobori. Bunduki hii hushindiliwa kwa mbele. Mwenye kupiga humimina baruti mdomoni mwa mtutu, akatia tambara, akatia risasi, na kama hana risasi hutia marisau au vipande vya chuma, kisha akashindilia kwa mdeki. Zile za zamani zaidi zilikuwa za gumegume, yaani jiwe hugonga chuma likatoa cheche. Zilizofuata zilikuwa za fataki. Kazi yote hiyo hufanywa mtu amesimama au amepiga goti, na hodari wa kushindilia hawezi kupiga zaidi ya mara mbili tatu kwa dakika moja. Ikinyesha mvua ya masika, baruti hulowa, na bunduki huwa fimbo. Na risasi yake ikishapita hatua mia moja haina uhakika tena, huenda itakako.

Ya pili ni bunduki ya kiasi, ambayo hufunguliwa kwa nyuma. Baruti, risasi na fataki vyote vimo pamoja katika kiasi kimoja. Mtu hulala chini kifudifudi, akafungua, akatia, akafunga, akapiga. Askari aliyefundishwa, mwenye bunduki ya Snider, aliweza kupiga mara kumi kwa dakika, na risasi yake ilikwenda mbali mara nyingi kuliko ya gobori, tena kwa kulenga. Waingereza waliianza Snider mwaka 1866, na mwaka 1871 wakaleta Martini-Henry iliyoishinda hiyo. Mataifa ya Ulaya yalipokuwa yakibadilisha bunduki zao namna hii, zile kuukuu ziliuzwa, na maelfu kwa maelfu zikaja kushushwa Unguja, zikasambaa bara na pwani.

Kwa maelezo haya msomaji ataona kwamba hakuna la kuchagua. Nani atashika gobori na ya kiasi ipo? Lakini ngoja kwanza. Gobori lina fadhila zake, na mtu wa Gasi alizijua. Likivunjika kitako, seremala wa kijijini hulitengeneza. Ukiharibika mtambo, mhunzi huutazama akautia moto. Baruti hununuliwa kwa pipa dukani, na risasi mtu huziyeyusha mwenyewe jikoni mwake. Gobori hula chochote kilichopo. Bunduki ya kiasi haikubali ila kiasi chake, na kiasi hicho hutengenezwa ng'ambo, huja kwa meli, na hupita forodhani. Siku viasi vikiisha, bunduki ile bora ni bomba tupu. Mtegemea cha ndugu hufa hali maskini, na hapa mwenye kutegemewa hakuwa hata ndugu.

Hayo ndiyo yaliyokuwa mizanini: moja ni dhaifu lakini ni yako, na ya pili ina nguvu lakini ufunguo wake uko mkononi mwa mwingine.

FUNZO LA MWAKA 1882

Sheikh Mbaruk hakuhitaji kuambiwa na mtu nguvu ya bunduki ya kiasi. Mwaka 1877 Sayyid Barghash alimtwaa ofisa wa manowari ya Kiingereza, Lloyd Mathews, akamfanya mkubwa wa jeshi jipya la Unguja, jeshi la kufundishwa kwa mpango wa Kizungu na kupewa Snider. Miaka mitano baadaye, mwaka 1882, jeshi hilo lilivuka bara likamzingira Mbaruk huko Mweli. Ngome ilitwaliwa. Mwenyewe aliponyoka, na baada ya muda akasamehewa akarejea Gasi.

Mtu aliyeokoka katika mzingiro kama huo angeazimia kupata bunduki za namna ile kwa gharama yoyote. Lakini milango ilikuwa ikifungwa mmoja baada ya mwingine. Mwaka 1886 alijaribu mlango wa Wajerumani, ambao wazee wetu wakiwaita Wadachi, akatundika bendera yao Gasi. Haukupita muda, Waingereza na Wadachi wakagawana nchi juu ya karatasi, na Gasi ikaangukia upande wa Waingereza. Mwaka 1888 Kampuni ya Kiingereza ilichukua pwani kwa mkataba na Unguja, na forodha za bandari zetu, Malindi na Mombasa zikiwamo, zikawa mikononi mwake. Mwishoni mwa mwaka huo huo manowari za Kijerumani na za Kiingereza zilianza kuizuia pwani, zikiyapekua majahazi kutafuta watumwa na silaha.

Kisha likaja jambo kubwa zaidi. Mnamo tarehe 2 Julai 1890 mataifa yalitia sahihi mjini Brussels mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa Afrika. Ndani ya mkataba huo mliwekwa sheria ya silaha. Bunduki za kiasi na zote za kulenga mbali zilikatazwa kuuzwa wenyeji katika sehemu kubwa ya bara hili. Kilichoruhusiwa, tena kwa masharti, ni bunduki za gumegume zisizochongwa ndani ya mtutu, na baruti ya kawaida. Watu wenye haki walifurahi kwa kukomeshwa utumwa, na furaha hiyo ilikuwa mahali pake. Lakini mwenye macho aliona kwamba mkataba huo huo ulikuwa ukichagua kwa niaba ya Waafrika wote: Mzungu kiasi, Mwafrika gumegume. Miaka mitano baadaye matunda yake yalionekana hapa petu.

MGENI ALIYEBISHA HODI

Turudi Takaungu. Salim bin Khamis alipofariki, waliotazamiwa kurithi walikuwa wawili. Mmoja alikuwa Mbaruk bin Rashid bin Khamis, mtoto wa kaka yake marehemu, naye alikuwa mtu mzima, mwenye haki kwa mila ya ukoo. Msomaji asimchanganye na Mbaruk wa Gasi, japo jina ni moja na jina la baba ni moja. Wa pili alikuwa Rashid bin Salim, mtoto wa marehemu mwenyewe, kijana aliyependwa na Kampuni. Kampuni ikamweka kijana.

Mbaruk wa Takaungu hakukubali. Alitoka mjini pamoja na nduguye Aziz, wakaenda Gonjoro, bara ya Takaungu, wakakusanya watu. Mzee wa Mtwapa, Hamis bin Kombo, akawaunga mkono. Mwezi wa Juni wanamaji wa Kiingereza waliteremka, wakaingia bara wakamfukuza Gonjoro, naye akakimbilia kusini, akabisha hodi Gasi kwa jamaa yake.

Hapo ndipo maisha ya Sheikh Mbaruk yalipofika penye njia panda. Hakuwa kijana tena. Ndevu zilikuwa nyeupe. Alikuwa amepatana na Kampuni na alikuwa akipokea fedha yake. Arthur Hardinge, balozi wa Kiingereza Unguja, aliyekuwa akijitayarisha kuipokea nchi mikononi mwa Kampuni, alimtaka awatoe wale wakimbizi. Lau angewatoa, angebaki Gasi na posho yake, akafa kitandani mwake akiheshimiwa. Asipowatoa, ni vita. Na aliijua hesabu ya vita hiyo kuliko mtu yeyote wa pwani, maana watu wake wengi walishika magobori, na bunduki za kiasi walizokuwa nazo zilikuwa chache, na kiasi kikishapigwa hakukuwa na mlango wa kupatia kingine.

Hakuwatoa. Tarehe 1 Julai 1895 Waingereza walitangaza rasmi kwamba nchi iko chini ya himaya yao, na wakati huo Mbaruk alikwisha kuiacha Gasi na kurudi Mweli.

Wako waliosema kwamba alifanya hivyo kwa kiburi, na wako wasemao kwamba alitaka kurudisha ufalme wa wazee wake. Huenda yote mawili yalikuwamo, kwani moyo wa mtu ni chumba chenye sanduku nyingi. Lakini kwetu sisi watu wa pwani lipo la tatu lililo wazi zaidi. Mgeni aliyeingia nyumbani mwako akiomba amani, tena ni damu yako, humtoi nje akakamatwe, hata kama kumweka ni hasara. Baba yake Mbaruk alikamatwa akapelekwa kufia ugenini. Mtoto wa mtu huyo angemtoa jamaa yake kwa mkono wake mwenyewe?

MWELI NA BAADA YA MWELI

Tarehe 17 Agosti 1895 Admeri Rawson aliishambulia Mweli kwa wanamaji wake pamoja na askari wa Unguja na Wasudani. Walikuwa na mizinga, na walikuwa na ile bunduki ya Maxim ambayo wazee waliiita bombomu, ipigayo mfululizo bila kupumua. Mathews naye alikuwamo, akajeruhiwa. Siku ile ile ngome ilianguka. Rawson huyu ndiye aliyekuja kuipiga kasri ya Unguja mwaka uliofuata, tarehe 27 Agosti 1896, katika vita visivyofika saa moja, na mwaka 1897 akaitwaa Benin, Afrika ya Magharibi. Tunataja hivyo ili msomaji ajue Mweli ilikuwa mikononi mwa watu wa namna gani.

Kwa desturi habari ingeishia hapo. Waingereza nao walidhani imekwisha. Lakini kumbe ndiyo kwanza ilianza, na hapa ndipo penye fundisho juu ya zile bunduki mbili.

Mbaruk alitoka Mweli akiwa hai, akaingia porini. Hakujenga ngome nyingine. Watu wake waligawanyika makundi madogo. Yeye upande wa kusini, Aziz na Hamis bin Kombo upande wa kaskazini, katika nchi ya Wagiriama, bara ya Kilifi na Malindi, ambako Ngonyo wa Marafa na wengine waliwapa chakula na njia. Walivizia misafara, walipiga vituo, wakatoweka. Na katika kichaka cha miiba, ambapo adui haonekani mpaka awe hatua ishirini, ile faida ya kulenga mbali hufa. Gobori lililojazwa marisau, likapigwa karibu mara moja tu, na mpigaji akakimbia kushindilia nyuma ya mti mwingine, liliweza kuusimamisha msafara mzima wenye Martini-Henry. Bombomu nayo haina kazi mahali usipoona pa kuielekeza.

Kwa hivyo, silaha iliyoshindwa kutwa moja katika ngome ilidumu miezi minane porini. Kosa la Mweli halikuwa gobori peke yake. Kosa lilikuwa kukaa nyuma ya ukuta na kungojea, katika vita ambavyo mwenzako anaweza kukupiga akiwa mahali usipoweza kumfikia. Ukuta uliofaa mbele ya gobori hukugeukia kaburi mbele ya mzinga. Sheikh Mbaruk aliligundua hilo akiwa mzee, na kwa bei ya damu.

Lakini hata pori lina mwisho wake. Serikali ya Kiingereza ililazimika kuleta jeshi kutoka Bara Hindi, Wabaluchi wa Rejimenti ya 24, waliofika Mombasa mwezi wa Machi 1896. Vijiji vilivyowalisha wapiganaji vilichomwa, chakula kikaadimika, na wenyeji waliochoka na vita visivyo vyao walianza kufanya suluhu. Baruti ilipungua. Ikawa lile gobori lisilochagua chakula halina hata hicho kidogo.

MWISHO WA SAFARI

Mwezi wa Aprili 1896 Sheikh Mbaruk alivuka mpaka kuingia nchi ya Wadachi, akiwa na watu zaidi ya elfu moja, wanawake na watoto wakiwamo. Alijisalimisha kwa Gavana Wissmann, na bunduki zikawekwa chini. Huyu Wissmann ndiye aliyepigana na Bushiri bin Salim, na Bushiri akanyongwa Pangani mwezi wa Desemba 1889. Bushiri alikamatwa akakuta kamba. Mbaruk alikwenda kwa miguu yake, akakabidhi silaha, akakuta nyumba. Aliwekwa Dar es Salaam, na huko akaishi mpaka kufa kwake mwaka 1910. Gasi hakurudi kukaa tena.

Alizaliwa mtoto wa liwali wa Mombasa, na alifia katika mji ambao baba yake hakuwahi kuusikia jina. Gasi bado pana nyumba itajwayo kuwa yake, na Takaungu bado pana watu wa ukoo wake. Walioshinda nao wamekwenda zao, na bendera zao zimeteremshwa. Wagiriama waliokuwa wakimlisha Aziz walikuja kupigana vita vyao wenyewe na serikali hiyo hiyo mwaka 1914, wengi wakiwa na pinde na mishale, nao wakaikuta hesabu ile ile aliyoikuta Mbaruk, hata mbaya zaidi.

Tumeanza kwa kuuliza ni bunduki ipi mtu angeichagua. Ukiyatazama maisha ya mtu huyu toka mwanzo mpaka mwisho, utaona kwamba katika jambo la bunduki hakuachiwa uchaguzi mkubwa. Ilichaguliwa kwa ajili yake huko Brussels, na forodhani, na katika karatasi zilizogawa nchi. Aliyeachiwa kuchagua kwa kweli ni jambo moja tu, siku ile mgeni alipobisha hodi Gasi, naye alichagua akijua mizani imeelekea wapi.

Je, alifanya vyema? Watu walikufa, mashamba yaliteketea, na maskini wa vijiji vya Giriama na Digo ambao hawakuulizwa shauri walilipa sehemu kubwa ya deni hilo. Hayo nayo yamo mizanini, wala ushujaa wa mkubwa hauyafuti. Kila mwenye akili na apime mwenyewe. Sisi twajua tu kwamba msafiri akipita njia ya Takaungu, au akifika Gasi akaiona ile nyumba, amedaiwa walau dua moja. Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia, wakubwa wao na wadogo wao, waliotajwa majina na wasiotajwa. Amina.